Injini Isiyo Yake

Mkaguzi wa magari alichuchumaa kando ya Ford ya Fikirini, akafungua boneti upande wa kushoto, akatoa leso mfukoni mwake na kuanza kufuta bloku ya injini. Watu waliojazana uwanjani mbele ya boma la Masasi walidhani ameona mafuta yanavuja. Fikirini peke yake ndiye aliyejua Mzungu yule anatafuta nini, na jasho lilimtoka ingawa ilikuwa saa mbili tu ya asubuhi.

“Soma kadi,” mkaguzi alisema.

Karani wake, Silvesta, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, alisoma namba moja moja. Mwisho wake ulikuwa saba, nne, moja, nane.

“Hapa naona sifuri, tisa, tano, sita,” mkaguzi alisema, akainuka na kuikunja leso ile chafu kwa uangalifu.

Gari lenyewe lilimeremeta. Lilikuwa la mwaka thelathini na moja, na Fikirini alilinunua mwezi wa Januari likiwa mifupa mitupu uani kwa Bwana Husseni, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Kwa miezi minane alilitafutia vitu vyake: taa alizipata Lukuledi, kwenye ghala la mzee mmoja aliyekuwa akizitumia kama vibakuli vya mbegu, kabureta aliipata Ndanda, honi ilitoka Tunduru imefungwa kwenye kanga. Vya kufanana alivikataa. Taa za mwaka wa nyuma yake aliletewa mara mbili, akazirudisha mara mbili, kwa sababu mdomo wake ulikuwa mpana kwa upana wa ukucha.

Mkaguzi alilizunguka. Aligusa taa, akainama kutazama kabureta, akahesabu nati za gurudumu.

“Vyote vyake,” alisema. “Sijaona hivi tangu nije nchi hii. Fundi nani?”

“Mimi, bwana.”

“Mtu anayejua nati, hajui injini?”

Silvesta alichomoa karatasi iliyopigwa taipu, akapitisha kidole juu yake, na kidole kikasimama. Injini iliyoishia na 0956 ilikuwa ya lori, nayo ilikuwa miongoni mwa injini zilizopotea kwenye bohari moja Nachingwea. Mkaguzi alisema maneno marefu kwa Kiingereza.

“Anasema wewe ni mwizi mwenye mikono mizuri,” Silvesta alitafsiri, na watu wakacheka. Mkaguzi hakusema hivyo. Alikuwa amesema kwamba gari litabaki bomani, kwamba yeye anakwenda Tunduru na atarudi baada ya siku kumi, na kwamba Fikirini alete maelezo au ajiandae kwa mahakama.

Askari alipitisha mnyororo kwenye gurudumu la mbele na kuutia kufuli. Zena, mkewe Fikirini, alikuwa amesimama kati ya wanawake, amevaa kanga mpya kwa sababu siku hiyo ndiyo angepanda gari lao mara ya kwanza. Aliivuta kanga ikamfunika mpaka mdomoni, akaondoka bila kumngoja mumewe.

 

Nyumbani alikuwa ameshavaa kaniki yake ya kazi na anachambua mbaazi. Fikirini alikaa kwenye kigoda, akangoja. Alijua swali linakuja, na alipenda lije upesi.

“Ulijua?” Zena aliuliza.

“Nini?”

“Baba Sijaona, usiniulize nini. Mzungu alipotoa leso, nilikuwa nakutazama wewe. Ulijua.”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu Ramadhani. Nilipoifungua injini niliona namba, nikaenda kuchungulia kadi. Nikasema, nani atainama kutazama namba? Injini ni aina ile ile. Ukiisikia huwezi kujua tofauti.”

Mbaazi zilikuwa zikidondoka kwenye ungo moja moja. Zena aliacha kuchambua.

“Taa ulizirudisha mara mbili kwa ajili ya ukucha,” alisema. “Injini uliifumbia macho. Na mikorosho ilikuwa yangu.”

Gari lile halikununuliwa kwa fedha. Lilinunuliwa kwa mikorosho arobaini ya Zena iliyoko Nanganga, aliyoachiwa na mama yake, naye mama yake aliachiwa shamba hilo na bibi yake. Kwa Wayao shamba la upande wa mama haliuzwi kama mbuzi. Zena alikwenda kupiga magoti kwa mjomba wake, akamwambia kwamba gari litapeleka wagonjwa wa Newala hospitali ya Ndanda, litabeba wasafiri mpaka Lindi, na kwa miaka miwili litanunua mikorosho mia. Mjomba alikubali akiwa ametazama pembeni. Husseni akaichukua mikorosho, Fikirini akachukua gari.

“Nitakwenda kwa Husseni sasa hivi,” Fikirini alisema.

“Nenda. Mbaazi zikiiva utazikuta.”

 

Husseni alikuwa na duka la nguo na la chumvi katika mtaa wa soko. Yeye na Fikirini walisali msikiti mmoja, na ukoo wa Husseni ulikuwa Masasi tangu enzi za babu zake. Alikuwa anampimia mteja marekani, na alimwacha Fikirini asimame kizingitini mpaka kitambaa kikakatwa, kikakunjwa, kikalipiwa.

“Ndugu yangu, sogea kidogo, unawazibia watu njia,” alisema hatimaye. “Nimesikia habari. Pole sana.”

“Injini si yake, Bwana Husseni. Uliniandikia gari na injini yake.”

“Iliyokuwemo ndani si ndiyo yake?”

“Yake uliitoa.”

“Nani aliniona?” Husseni aliuliza kwa upole, kama anayeuliza bei. Akamwita mtu wa ndani alete kahawa, na kahawa ikaletwa nje, kwenye baraza, kikombe kimoja. “Kunywa. Halafu fikiri. Gari lilikuwa uani kwako miezi minane. Kila siku unalifungua na kulifunga. Mimi nikiulizwa bomani, nitasema nilikupa gari lenye injini yake, ukaiuza, ukatia ya wizi. Nani ataaminika, mimi mwenye leseni, au fundi wa chini ya mwembe?”

Fikirini hakuinywa kahawa ile. Alishuka barazani, akatembea mpaka mwisho wa mtaa kabla hajagundua kwamba kikombe bado kiko mkononi mwake. Ilimbidi arudi kukirudisha, na Husseni akasema, “Ahsante, ndugu yangu,” mbele ya wateja watatu.

 

Kesho yake alipanda lori la chumvi mpaka Ndanda, kwa Petro, fundi wa karakana ya misheni. Petro alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyoshikizwa kwa waya, na alikuwa na kitu ambacho mafundi wa kusini kote walikijia: kitabu cha picha za vipuri vya Ford, kila bawaba na kila nati, kurasa zake zimelowa mafuta mpaka zinapenyeza mwanga. Kabureta ile ilitambuliwa kwa kitabu hicho.

“Shikamoo, Mzee Petro.”

“Marahaba. Nimekwisha sikia. Kaa.”

Fikirini alimweleza yote, hata la Ramadhani. Petro alifunua kitabu mpaka kwenye picha ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, akaweka kidole mahali ambapo ubavu wa kushoto unapita chini ya bodi, mbele ya miguu ya dereva.

“Kiwandani namba walipiga mara mbili,” alisema. “Mara ya kwanza kwenye bloku. Mara ya pili hapa, kwenye chuma cha chesisi, kisha wakaweka bodi juu yake. Huioni mpaka uinue bodi. Husseni hajui, na karani wa mkaguzi hajui. Ikiwa chesisi inasema 7418, basi kadi ni ya gari hilo, na injini ya 7418 ndiyo iliyozaliwa nalo.”

“Hiyo itaniambia ni yake. Haitaniambia iko wapi.”

“Wewe ungekuwa Husseni, una injini nzima, ungeiuza wapi?”

Fikirini alifikiri. “Mahali pasipoulizwa kadi.”

“Basi tafuta penye mkanda wa mashine. Kuna mashine ya kusaga Nanganga inayozungushwa na injini ya gari. Na nasikia Kitangari iko nyingine.”

Nanganga alifika mchana huohuo. Aliisikia mashine kabla hajaiona, na kabla hajaiona alijua si yenyewe. Hata hivyo aliingia, akapewa ruhusa, akafuta. Ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa, plagi zake ziko ubavuni. Wakati wa kurudi barabarani alipita kando ya mikorosho ya Zena. Msimu ulikuwa unaanza, mabibo mekundu na ya manjano yametapakaa chini, na vibarua wa Husseni walikuwa wanaokota. Mmoja alimfahamu.

“Fundi, karibu ule bibo moja,” alimwambia kwa roho safi.

Fikirini alishukuru akapita.

 

Safari ya Kitangari Zena alisema anakwenda. Binti yao Sijaona alikuwa ameolewa huko, alisema, na hajamwona tangu ajifungue. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu.

Lori lilipanda mlima wa Newala kwa kuhema, abiria wakashuka mara mbili ili kulipunguzia mzigo. Juu ya uwanda barabara ilikuwa mchanga mtupu. Walipishana na wanawake wa Kimakonde waliotoka bondeni na mitungi kichwani, wakiwa wameanza safari hiyo ya maji kabla ya jua. Walilala kwa mkwe wa Sijaona, na asubuhi wakafuata sauti.

Mashine ilikuwa kwenye banda la miti na makuti, nyuma ya nyumba ya udongo. Wanawake ishirini hivi walipanga foleni na vikapu vya mahindi na muhogo mkavu. Mwenye mashine alikuwa mwanamke mwenye nywele zilizojaa unga, mwenye chale za zamani mashavuni. Alikuwa Bibiana, mjane, na watu walimwita Mama Bonifasi kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Fikirini alisimama mlangoni. Mkono wake wa kulia ulianza kucheza wenyewe, kama unashika spana. Injini ile ilikuwa inakwenda kama saa.

“Mna mahindi?” Bibiana aliuliza kwa sauti ya juu.

“Hatuna. Mimi ni fundi kutoka Masasi. Naomba kutazama injini yako, mama.”

“Haiumwi.”

“Nasikia. Dakika moja tu.”

Bibiana aliizima kwa sababu ilikuwa wakati wa kuipumzisha, si kwa sababu aliombwa. Fikirini alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akafuta ubavu wa kushoto. Unga na grisi vilikuwa vimeshikamana kama saruji. Saba ilitoka kwanza. Nne. Moja. Ya mwisho ilimchukua muda, Zena amesimama nyuma yake, nayo ilikuwa nane.

“Ni injini ya gari langu,” Fikirini alisema.

“Ni injini ya mashine yangu,” Bibiana alijibu. “Nimeinunua kwa Husseni wa Masasi, mwaka jana, mwezi wa Novemba. Mume wangu alikufa kwenye mkonge Lindi, kazini, wakanipa fedha zake. Hizi hapa, fedha zake.” Alipiga bloku kwa kiganja.

Foleni ilikuwa imesogea kusikiliza. Fikirini alishusha sauti, na maneno yakamtoka upesi upesi.

“Mama Bonifasi, sikiliza. Ninayo nyingine, sawa na hii kabisa, hata mkanda hutabadilisha. Nipe hii niipeleke bomani, waone namba, gari langu lifunguliwe. Ile nitakuletea mwenyewe. Siku tatu. Nitaifunga bure, na kila mwezi nitakuja kuitazama bure.”

Bibiana alimtazama, akaitazama injini, akamtazama Zena. “Siku tatu hawa watatwanga kwa mikono,” alisema. “Lakini siku tatu si nyingi. Hiyo nyingine iko wapi?”

“Iko ndani ya gari, bomani.”

“Na wataiachia?”

“Wataiachia.”

“Hawataiachia,” Zena alisema.

Alisema bila kupaza sauti, huku akitazama miguu yake. “Imo kwenye karatasi ya wizi. Wataichukua siku hiyohiyo. Ukimpa hii, mama, hutaletewa kitu.”

Mwanamke mmoja kwenye foleni aliwatafsiria wengine kwa Kimakonde, na manung’uniko yakapita kutoka mbele hadi nyuma.

“Tokeni kwangu,” Bibiana alisema.

“Basi karatasi,” Fikirini aliomba. “Husseni alikupa karatasi? Nipe hiyo tu, au nionyeshe.”

“Nikupe karatasi ili Wazungu waje wachukue injini? Mkeo ana haya. Wewe huna. Tokeni!”

Alivuta mkono wa kuwashia, injini ikaitika mara ya kwanza, na mlio wake ukafunika yote mengine.

 

Siku nne Fikirini hakuzungumza na mkewe ila la chumvi na la maji. Aliamka, akaenda bomani kulitazama gari kupitia kwenye ua wa miti, akarudi. Alianza kutengeneza baiskeli ya mtu akaiacha imefunguka. Siku ya tano Zena akamwekea ugali na kisamvu, naye akasema bila kugusa:

“Ungenyamaza, injini ingekuwa hapa.”

“Na yule mwanamke angekuwa wapi?”

“Ningemtafutia nyingine.”

“Kama mimi utakavyonitafutia mikorosho mingine.” Zena alinawa mikono. “Husseni alikutenda hivyo hivyo. Alikutazama usoni akakuambia ni yake. Ulitaka kwenda kulifanya lile lile Kitangari, tena kwa mjane, tena mimi nimesimama nyuma yako. Kula, ugali unapoa.”

Alikula. Baada ya kula akaitengeneza baiskeli ile, na jioni akaanza kusafisha spana zake moja moja.

Siku ya kumi mkaguzi alirudi kutoka Tunduru amejaa vumbi. Uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Husseni naye aliitwa, akaja amevaa kanzu nyeupe na koti, akapewa kiti. Fikirini alisimama.

“Maelezo,” mkaguzi alisema.

“Bwana, naomba nifungue boliti sita za bodi.”

Silvesta alicheka. Mkaguzi hakucheka, aliangalia ubavu wa kushoto wa gari, kisha akamwangalia Fikirini kwa muda, kama mtu aliyesikia jina la kwao katika nchi ya mbali. “Fungua,” alisema.

Boliti zilitoka bila shida kwa sababu Fikirini mwenyewe ndiye aliyezipaka grisi. Askari wawili walichomeka mti na kuinyanyua bodi kiasi cha kupitisha mkono. Mkaguzi alilala chini, kifua kwenye vumbi, leso mkononi. Alipoinuka alisema, “Saba, nne, moja, nane. Gari na kadi ni kitu kimoja. Injini yake iko wapi?”

“Bwana Husseni anajua,” Fikirini alisema.

“Mimi?” Husseni alisimama polepole. “Nilimpa gari zima. Aliiuza yeye. Mungu ni shahidi.”

“Usimwite Mungu, niite mimi,” sauti ilisema nyuma.

Watu walipisha njia. Bibiana alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu alivyovibeba mkononi, miguu yake imejaa mchanga wa barabara ya Newala. Hakumtazama Fikirini. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akafungua kitabu cha sala, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Silvesta aliinyakua kwanza. “Unajua kusoma, mama? Unajua hii inasema nini?”

“Sijui kusoma. Ndiyo maana nilimwambia aiandike namba mbele yangu, akiwa anaitazama injini, nami nikiangalia kidole chake. Isome wewe uliyesoma.”

Silvesta aliisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua. Ilikuwa risiti ya injini moja ya Ford, namba mwisho wake 7418, ya mwezi wa Novemba, yenye stempu ya serikali na sahihi ya Husseni juu ya stempu. Fikirini alinunua gari Januari. Mkaguzi alichukua hati ya gari aliyoandikiwa Fikirini, akaziweka karatasi mbili bega kwa bega. Sahihi zilifanana mpaka mkia.

“Kaa,” alimwambia Husseni, lakini Husseni alikuwa amekwisha kaa.

Mkaguzi alitoa uamuzi wake kwa maneno machache. Injini ya lori ingerudi Nachingwea, na Husseni angeeleza polisi aliipata wapi. Injini ya Kitangari ilinunuliwa kwa karatasi halali, ibaki kwa mwenyewe. Fikirini hana kosa, achukue gari lake.

“Bila injini, bwana?”

“Lete injini nyingine yenye karatasi, nitaiandika kwenye kadi. Hii lazima niitoe.” Kisha mkaguzi alisema kitu kingine kwa Kiingereza, na safari hii Silvesta alikitafsiri kama kilivyo, akitazama chini: “Anasema anasikitika. Gari ni zuri mno.”

Zena alimfuata Bibiana mpaka kwenye kivuli cha boma, akampa maji. Fikirini alikuja nyuma, akasimama mbali kidogo.

“Kwa nini umekuja, mama?” aliuliza.

“Si kwa ajili yako,” Bibiana alisema. “Niliposikia sokoni siku ya mkaguzi, niliwaza, nikijificha watanifuata siku moja, na siku hiyo sitakuwa na shahidi. Mkeo aliponiambia kweli, kweli hiyo ilimdhuru yeye. Mtu kama huyo atanishuhudia.” Alikunywa, akafuta mdomo. “Mashine hulala mwezi wa Januari mpaka Aprili, watu hawana cha kusaga. Uje uichukue miezi hiyo, uweke kwenye gari lako.”

Fikirini alijikuta anacheka, kicheko cha kuumia. “Mama, miezi hiyo ni ya mvua. Mlima wa Newala haupitiki hata kwa punda.”

“Kweli,” Bibiana alisema, naye akacheka. “Basi nimeshindwa.”

 

Husseni alikuja nyumbani kwao jioni ya siku ya tatu baada ya hapo, kwa mlango wa uani. Kesi ilikuwa imetajwa na alitaka kuingia mahakamani akiwa amepatana na aliowadhulumu. Alikaa kwenye kigoda kilekile cha Fikirini, kanzu yake inagusa chini.

“Nina injini,” alisema. “Nzuri kuliko zote mbili. Kesho iko hapa. Mtamwambia hakimu tumeelewana.”

Fikirini aliliona akilini gari linapanda Newala, taa zake mbele, honi ya Tunduru inawatoa mbuzi barabarani. Alimtazama Zena. Zena alikuwa anashona kanga iliyochanika.

“Mimi sisemi,” alisema. “Nilisema Kitangari, ukaninunia siku nne.”

“Injini hiyo ina karatasi?” Fikirini aliuliza.

“Karatasi itatafutwa.”

Kuku aliingia, akatoka.

“Rudisha mikorosho,” Fikirini alisema. “Chukua gari lako.”

Husseni hakuficha nafuu yake. Alikuwa ametoa mifupa na sasa anarudishiwa gari lenye kila kitu isipokuwa injini, na katika kanda ile yote hapakuwa na linalofanana nalo. “Sawa,” alisema. “Nimekubali.”

“Na korosho ulizookota tangu msimu uanze,” Zena alisema bila kuinua macho kwenye sindano. “Magunia yote. Utaandika mbele ya mjomba wangu, na utatia stempu.”

Kabla gari halijachukuliwa bomani, Zena alimwambia mumewe akatoe vitu vyake. Vilikuwa jasho lake la miezi minane. Fikirini alikwenda na spana. Alifungua taa ya kushoto, akaishika mikononi, akakaa nayo kwenye bati la pembeni mpaka askari akamwuliza kama anaumwa. Hakuna gari jingine ambalo taa ile ingekuwa yake. Aliirudisha, akaikaza, akafuta alama za vidole vyake kwenye kioo, na akaenda nyumbani akamwambia Zena alichofanya. Zena alisema yeye ni mjinga. Baadaye alimwekea maji ya kuoga.

 

Oktoba ilipopamba moto walihamia Nanganga kwa msimu. Walijenga kibanda cha nyasi kati ya mikorosho, na kutwa nzima walikuwa wameinama, wakinyonga korosho kutoka kwenye mabibo, mikono imebanduka ngozi kwa utomvu. Fikirini hakuwa na kasi ya mkewe. Mara kwa mara alisimama kunyoosha mgongo na kutazama barabara ya Lindi, na Zena alimwacha asimame.

Asubuhi moja lori lililopakia magunia lilipita, likakohoa, likanyamaza nyuma ya kona. Fikirini aliinua kichwa. Walisikia boneti inafunguliwa, mtu anatukana, starta inalia na kuchoka.

“Petroli haifiki,” Fikirini alisema, kama anayejisemea. Aliokota bibo jingine, akalinyonga korosho yake, akaitupa kikapuni. Starta ililia tena. Alichukua bibo lingine.

“Baba Sijaona,” Zena alisema.

“Naam.”

“Unazichanganya mbovu na nzima. Nenda.”

Alikuwa amekwisha futa mikono kwenye majani na kupiga hatua tano za haraka asije akaitwa tena, lakini aliitwa.

“Kabla hujashika spana,” Zena alisema, na safari hii alikuwa anacheka, “uliza kadi.”